Kalibu

Wendelin, dukani Altdorf wamenicheka tena.
"Saba na nusu? Ya mwaka themanini na mbili, karne ya juzi?"
Muuzaji akatazama darini kama anayehesabu marehemu.
Risasi za bastola yako hakuna tena azitengenezaye.

Basi nimeketi jikoni, peke yangu.
Theluji ya Aprili inang'ang'ania paa la zizi.
Nimesogeza jibini, nimetandika gazeti,
nimeibana mashine yako ukingoni mwa meza,
pale pale penye makovu ya skrubu zake.

Maganda haya ni ya ukoo mwingine:
uliyanunua marefu, ukayakata shingo,
ukayasugua mpaka yakaitika jina lisilo lao.
Mia moja na kumi na mawili.
Matatu yana ufa mwembamba mdomoni,
nimeyatia kwenye kikombe cha vifungo.
Shaba nayo huchoka, ulisema.

Fataki naikandamiza kwa kidole gumba.
Nasikia inavyokaa: tk.
Kisha baruti, na mizani yako ndogo.
Mizani ya ushairi, ukizidisha silabi,
msomaji ataguna, atafunua ukurasa.
Hii ukizidisha punje, itaondoka na kidole.

Na daftari lako, kaka, lina doa la kahawa
juu ya tarakimu moja.
Ni moja, au saba?
Saba zako ulizipitisha kistari kiunoni,
na doa limekaa kiunoni hasa.
Haba na haba hujaza kibaba;
haba ya ziada hupasua chuma.
Nikaweka kijiko chini.

Bonde zima la Schächen lina bastola mbili za namna hii.
Ya pili iko kwa Severin Gisler,
ambaye hukumpa salamu miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya kalibu,
vipande viwili vya chuma na mipini ya mti.
Ulimwazima kwa siku mbili.
Yeye akasema alirudisha, wewe ukasema hakurudisha,
na kanisani mkakaa safu mbalimbali
mkiimba zaburi ile ile.

Nikampigia simu. Kimya kirefu.
Kisha: "Usiguse kitu. Nakuja."

Alishuka na samadi butini,
hakuvua kofia mpaka alipoiona picha yako.
Akafungua daftari lake. Mstari ule ule, safi,
kwa mwandiko wako.
Ulimwandikia wewe, kabla ya ugomvi.
Tarakimu yenyewe siitaji hapa.
Ina mwenyewe, na mwenyewe anajua.

Kisha akatoa mfukoni soksi, na ndani ya soksi, kalibu.
"Ilikuwa nyuma ya sanduku la misumari.
Niliiona mwaka wa tatu."
Akanyamaza. "Wa tatu," akarudia.
Sikumsaidia.

Tukayeyusha risasi bandani, mlango wazi.
Yeye akimimina, mimi nikigonga.
Za kwanza zilitoka zimekunjamana kama nyuso za vitoto vichanga.
"Kalibu hukataa mpaka ipate joto," alisema.
Nikadhani ana maana nyingine,
kumbe alikuwa anasema kalibu tu.

Jumapili nilipiga kumi na nane.
Tano zilikwenda kushoto chini, nje ya duara jeusi,
huko huko zilikokwenda zako.
Severin alinishinda, wala hakuona haya.

Nikayasukuma maganda kwa kijiti, moja moja,
yenye moto bado, yenye harufu ya kucha iliyoungua.
Yakawa kumi na saba.
Watu wamekwenda kunywa bia, wamekunja shabaha,
na Severin bado amepiga magoti nyasini,
anapapasa, hataki kuinuka.
"Haya hayauzwi," ananiambia.
"Nenda wewe. Nitalipata."